Muulize Muuguzi: Kidonda cha bibi hakisikii dawa

SWALI: Shikamoo mama. Bibi yangu ana miaka 74. Ana kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, tangu masika ya mwaka jana. Kinatoa maji mpaka kanga inalowa, na siku nyingine kinanuka. Amekunywa rangi mbili (zile kapsuli za antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria), akanywa na dawa nyingine ya bei zaidi, tukafungua hata kapsuli tukamwagia unga. Kinakauka kidogo, kinarudi. Mwenye duka la dawa anatushauri tununue sindano. Tununue? – Mjukuu, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Sindano iache kwanza dukani.

Kidonda kilichokaa muda wote huo hakikosi bakteria. Ukipeleka majimaji yake maabara wataota tu, hata kama kidonda kiko njiani kupona. Harufu peke yake hainitishi. Mzee akikaa kwenye benchi letu la vidonda, natafuta dalili kwamba bakteria wameanza kusambaa mwilini. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo weka mgongo wa kiganja chako pembeni ya kidonda, kisha uweke mahali hapo hapo kwenye mguu wa pili. Je, huu wenye kidonda una joto zaidi? Ngozi imevimba, imekuwa ngumu na kung'aa? Maumivu yameongezeka ghafla, au usaha umekuwa mzito? Na usisubiri homa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila kuchemka. Utaona tu amesusa chakula, anasinzia mchana kutwa, au anakuita kwa jina la mjomba wako. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, na antibiotiki zina kazi kweli, za kumeza au za mshipani. Vivyo hivyo nyama ikigeuka nyeusi au vidole vikiwa vya baridi.

Unga wa kapsuli acheni kabisa. Unaganda, unakuwa ukoko wa manjano, usaha unajificha chini yake, na anayeuloweka ukoko huo mpaka ubanduke ni mimi. Zaidi ya hapo bakteria wanaizoea dawa, na siku bibi akiihitaji haitamsaidia. Spiriti nayo inaunguza nyama changa inayojaribu kuota.

Sasa, mahali ulipopataja, pamoja na hayo maji mengi, pananifanya nishuku mishipa inayorudisha damu moyoni. Ikilegea, damu inatuama chini, mguu unavimba jioni, ngozi ya kifundoni inakuwa nyeusi na ngumu, kisha inapasuka. Ndiyo maana dawa za bakteria hazijakifunga. Kinachokifunga kidonda cha namna hiyo ni bandeji ya kubana, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti. Lakini usimfunge mwenyewe! Lazima kwanza wapime kama damu inashuka vizuri mpaka unyayoni, kwa sababu mguu ambao mishipa yake ya kushusha damu imeziba ukibanwa unaweza kuoza. Waombe wampime na sukari. Na kwa kuwa kidonda kimekaa muda mrefu, kama kingo zake zimeinuka au nyama inaota kupita kiasi, uliza kama kipande kidogo kinaweza kukatwa kupimwa saratani. Watu hawapendi kuuliza hilo. Uliza.

Nyumbani, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe. Nawa mikono, mwagia kidonda, usisugue. Shashi ikiganda, ilowanishe mpaka iachie yenyewe. Akilala, mguu ukae juu ya mito, upite usawa wa moyo. Wazee wengi wanalala wamekaa kwenye kiti, miguu inaning'inia usiku kucha, halafu tunalaumu dawa. Akiweza, atembee uani. Chakula chake kisikose maharage, dagaa au yai.

Pesa ya sindano ifanye nauli ya hospitali ya wilaya. Beba na maboksi ya dawa zote alizotumia, hata matupu, ili daktari akiona kuna haja ya antibiotiki ajue zipi ameshapewa.