Sato wangu wanakufa alfajiri: je, nimewekewa sumu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bwawa la udongo la mita 10 kwa 15, ambamo nilipandikiza vifaranga 900 vya sato. Kila wiki namwaga ndoo mbili za mbolea ya kuku, na sasa maji yamekuwa ya kijani na mazito kama mlenda. Kwa siku tatu mfululizo, siku zenye mawingu, nimekuta samaki wanaelea wamekufa kabla jua halijachomoza, nao ni wakubwa watupu. Niligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, na nyumbani wanasema ndiye aliyetia sumu. Je, nimshtaki? Na nikiyafungulia maji haya pamoja na samaki waliobaki yaende kwenye kijito kinachoingia Ziwa Victoria, ili nianze upya, kuna ubaya?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujaenda polisi, kesho amka saa kumi na moja alfajiri, chukua tochi, ukakae kando ya bwawa. Ukiwaona samaki wamejipanga juu ya maji wakihema, midomo wazi, basi wanakosa hewa. Sumu kwa kawaida huwaangusha wadogo kwanza, ilhali upungufu wa oksijeni huanza na wakubwa, kwa sababu wao huhitaji hewa nyingi zaidi. Maelezo yako mwenyewe, kwa hiyo, yanaelekea kumtetea jirani yako.

Ukijani huo ni mwani uliostawi kwa mbolea. Mchana, penye jua, mwani hutengeneza oksijeni. Usiku nao huivuta, sawa na samaki na vijidudu vinavyoozesha mbolea iliyotuama chini, hata kufika alfajiri akiba imekwisha. Siku za mawingu akiba yenyewe huwa ndogo tangu jioni. Pima hivi: zamisha mkono taratibu hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa hayajafika hata nusu ya kigasha, acha mbolea kabisa. Punguza chakula kwa siku kadhaa na ulishe jua likiwa limepanda, kisha toa sehemu ya maji ya chini na uingize mapya yakianguka kutoka juu, ili yabebe hewa.

Idadi nayo imezidi. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa hubeba vizuri samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Lako lingetosha 300 hadi 450, nawe uliweka 900. Isitoshe, sato huzaana upesi, jike akiatamia mayai mdomoni, kwa hiyo safari ijayo omba vifaranga madume watupu.

Kuhusu kijito, ubaya upo, tena mkubwa. Maji hayo yamejaa naitrojeni na fosforasi, chakula kile kile kinachonenepesha gugu maji, ambalo wavuvi wa Ziwa Victoria wamepambana nalo tangu miaka ya mwisho ya 1980. Usiwaachie samaki pia, hata kama utasema sato tayari wamo ziwani. Wamo kwa sababu waliletwa katika miaka ya 1950, kama alivyoletwa sangara, na baada ya hapo ngege wa asili aliadimika na aina nyingi za furu zikatoweka. Samaki wa bwawani, zaidi ya hayo, huweza kubeba maradhi na kuyapeleka kwa wale wa mtoni.

Maji ya kijani yamwagilie migomba na mboga, maana kwa mimea hiyo ni mbolea nzuri. Vua samaki wanaofaa kuliwa wakiwa hai bado wanaruka wavuni, wale waliokwisha kufa wafukie mbali na maji, na kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji funga wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga.