Maswali ya wasomaji: Mchango wa njiti usiishie kwenye bili

SWALI: Mdogo wetu amejifungua njiti, mimba ikiwa ya wiki 29, kilo 1.1. Wiki ya tatu sasa mtoto yuko wodini na bado anasaidiwa oksijeni, maana mapafu hayajakomaa. Tulifungua kundi la WhatsApp, siku mbili tukapata laki sita, kisha kimya. Wengine wanahoji hela imekwenda wapi, wengine wanataka tununue mashine ya oksijeni haraka. Tufanyeje?
Dada mkubwa, Morogoro

JIBU: Pole dada, na poleni nyote. Watu hawajawachoka. Tangazo la "tumsaidie mtoto" halimwambii mtu elfu kumi yake itafanya nini, wala itaisha lini haja yenyewe. Andikeni bajeti ya wiki mbili mbili, mkianzia na mama.

Mtoto wa uzito huo hulishwa maziwa ya mama kila baada ya saa tatu, yaani mara nane kwa siku. Akishafikia kipimo chake kamili, kila mlo ni kama mililita 20 kwa mrija au kikombe. Mama anayelala mbali hawezi kumletea mtoto maziwa ya usiku, na asipokamua mara kwa mara maziwa hupungua. Kwa hiyo chumba karibu na hospitali, chakula chake na nauli ya anayempelekea ndiyo matumizi ya kwanza. Ongezeni khanga mbili za kumfungia mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu, kofia, soksi na pampasi ndogo kabisa.

Kabla hata ya kuchangisha zaidi, fikeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Kwa sera ya Tanzania, watoto chini ya miaka mitano wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Kinachowakuta wengi ni dawa au kipimo kilichokosekana na kutafutwa nje, na hapo ndipo mchango unapohitajika. Nendeni mapema, bili ikiwa bado ndogo.

Hela zishikwe na watatu: mweka hazina, katibu, na mmoja wa upande wa baba. Wazazi wenyewe wasibebeshwe kazi hiyo. Kwenye tangazo andikeni namba pamoja na jina linalotokea kabla ya kutuma, kwa sababu matapeli huchukua tangazo la kweli wakabadilisha namba tu. Kumbusheni watu waweke na ya kutolea, la sivyo makato yanakula mchango. Kila Jumapili katibu abandike orodha, taslimu mbali na ahadi. Bili ya hospitali ya serikali ilipwe moja kwa moja kwa kontro namba, risiti ipigwe picha na kuwekwa kundini, jina la mtoto na namba ya faili vikiwa vimezibwa. Wanaohoji watajibiwa na risiti.

Sasa mashine. Msinunue leo. Mapafu ya njiti hukosa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visishikamane, na wengi huachana na oksijeni kabla ya kuruhusiwa. Daktari akisema mtoto atarudi nayo nyumbani, mwombeni aandike kiwango cha lita kwa dakika. Mashine nyingi za watu wazima kipimo chake huanzia nusu lita au lita moja, na mtoto anaweza kuhitaji robo lita au chini ya hapo. Bila kifaa cha kupimia kiwango kidogo hivyo, mmenunua kitu kisichomfaa. Klipu ya kidoleni ya kupimia oksijeni mwilini, ikiwa ya mtu mzima, nayo haisomi vizuri kwenye mguu wa mtoto. Inatakiwa ya watoto wachanga.

Halafu kuna LUKU, ambayo karibu kila kamati huisahau. Mashine ya wati 350 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 8.4 kwa siku, zaidi ya 250 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi itatoka humo. Umeme hukatika pia, hivyo uwepo mtungi wa oksijeni wa akiba: wenye lita 1,360 hudumu kama saa 90 kwa robo lita kwa dakika. Jiko la mkaa, sigara na moto wowote vikae mbali na chumba hicho.

Picha ya mtoto mwenye mirija usoni msiisambaze. Picha ya orodha ya mahitaji inatosha.

SWALI: Mtoto wetu njiti ameruhusiwa, na mchango umebaki 340,000. Tuwarudishie watu?
Mjomba, Tanga

JIBU: Hapana, mjomba. Waelezeni waliochanga kwamba hela inabaki ya mtoto huyohuyo. Njiti aliyekaa kwenye oksijeni anatakiwa kupimwa macho takriban wiki ya nne hadi ya sita tangu azaliwe, na huenda mkasafiri kumpata mtaalamu. Kama muda huo umepita na hajapimwa, ulizeni kesho. Kiasi kingine mama akae nacho mkononi kwa ajili ya gari la usiku: mtoto akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, midomo ikiwa ya bluu au akikataa kunyonya, mama aondoke naye kwenda hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri kamati iidhinishe.