Kilomita 80 za Mwisho

Jumamosi iliyopita, nikiwa Usa River, niliwaona vijana sita wakimalizia safari ya baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Wa kwanza alipita mbio, amesimama juu ya pedali. Wa mwisho alipita dakika arobaini baadaye, peke yake, chupa yake ya maji ikiwa tupu. Wawili kati yao niliwafundisha mimi kuziba pancha, na ndiyo maana ninawaandikia, wadogo zangu.

1. Kulala Moshi si kumaliza safari. Moshi iko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari na Arusha iko kwenye 1,400. Tena kabla ya kupanda mnateremka hadi daraja la Kikafu, na mteremko huo mnaulipa wote mkipanda kuelekea Bomang'ombe, kwa miguu ambayo jana yake ilipigwa jua na upepo tangu Same. Asubuhi hiyo kuleni mshibe.

2. Raba za breki zikaguliwe Moshi, si Kikafu.

3. Mtu wa nyuma haachi nafasi yake. Hili ninalisema kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuwa mtu wa nyuma nikaiacha. Tulikuwa wanne, siku ya saba, na baada ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikauona Mlima Meru uko wazi bila wingu. Rafiki yangu, ambaye goti lilikuwa linamsumbua tangu Mwanga, aliniambia, "Tangulia kaka, nakuja." Neno hilo la uungwana nililichukua kama ruhusa. Nikampita, nikawafikia wenzangu wawili, tukashindana hadi Usa River, tukaagiza chai na chapati tukicheka. Chai ilipopoa ndipo nilipogusa begi langu na kukumbuka kwamba pampu, viraka na gundi vilikuwa kwangu; tulipogawana mizigo yeye alipewa sufuria na jiko.

Nilirudi nikiwa na woga wa kila lori lililonipita. Nilimkuta karibu na Kikatiti, anaikokota baiskeli nje kabisa ya lami. Tairi la nyuma lilikuwa limechomwa na mwiba wa mgunga, naye alikuwa amelijaza nyasi kavu ili rimu isipinde, na ncha za nyasi zilichomoza pembeni mwa tairi kama manyoya. Simu yake ilikuwa imezima. Hakunilaumu. Aliomba pampu, tukachomoa zile nyasi moja moja, tukatia kiraka, na mikono yake ilitetemeka hata nikalazimika kumshikia gundi. Ningependa angenifokea. Ni miaka mingi sasa, na bado nikipita pale hupunguza mwendo.

4. Pampu na viraka havigawanywi kama sufuria. Kila baiskeli iwe na vyake, hata kama begi litakuwa zito.

5. Mwenye maumivu ndiye anayepanga mwendo, nanyi msimuulize kama mnaweza kutangulia, maana atakubali tu.

6. Kuanzia Tengeru barabara ni ya njia nne na daladala husimama ghafla mbele yenu. Simameni hapo Tengeru, hata kama ni kwa saa nzima, hesabuni watu, jazeni maji, ndipo mwingie mjini mkifuatana, mwenye goti bovu akiwa mbele.