Bati moja, tuta moja: maswali yenu kuhusu matuta ya mabati

Mmeuliza sana kuhusu matuta ya kuinuliwa, yale ambayo udongo unazungushiwa kuta za bati juu ya ardhi na mboga zinapandwa ndani yake. Vipimo karibu vyote hapa chini ni vya tuta la mita 2 kwa mita 1, kwa sababu hilo ndilo linalotoka kwenye bati moja la mita 3 bila kubakiza kipande.

Seti za kuunganisha zinazouzwa mtandaoni zimenishinda bei. Je, bati la kawaida la kuezekea linafaa? Nichukue geji ngapi? (Msomaji wa Mbagala)

Linafaa kabisa. Chukua geji 28, yaani unene wa karibu milimita 0.4. Geji 30, karibu milimita 0.3, nayo inakubali ukiweka nguzo za katikati. Geji 32 iache dukani, maana hukunjika hata kwa kusukumwa na goti. Kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Kama humwamini muuzaji, mwombe apime kwa mikrometa, au aweke kwenye mzani bati la geji 28 na la geji 30 yenye urefu na upana sawa. La 28 linapaswa kuzidi kwa karibu theluthi nzima.

Chagua lile la migongo midogo ya mawimbi. La migongo mipana lina sehemu bapa kati ya mgongo na mgongo, na hizo ndizo udongo unazisukuma nje kwanza.

Kosa kubwa linatokea kwenye kukata. Wengi hulikata bati kwa upana, migongo ikasimama wima, na ukuta mrefu ukishajazwa udongo unajikunja kama pazia. Lipasue kwa urefu, migongo ilale. Hapo kila mgongo unafanya kazi ya boriti kutoka nguzo hadi nguzo. Bati la mita 3 huwa na upana wa sentimita 80 hadi 90 kutegemea kiwanda, kwa hiyo utapata vipande viwili vya kimo cha sentimita 40 hadi 45. Kila kimoja kigawe mita 2 na mita 1: kuta zako nne zimekamilika.

Fundi wangu anataka kuchomelea bati moja kwa moja kwenye fremu, anasema bolti ni za watu wasio na mashine. Nimkubalie? (Msomaji wa Kitengela)

Hapana. Bati limepakwa zinki, na zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea ni mkali kupita hapo kwa mbali. Zinki yote iliyo karibu na weldi inageuka moshi mweupe. Fundi akiuvuta, saa chache baadaye anapata homa, kutetemeka na maumivu ya mwili, na wengi hudhani ni malaria. Mahali palipochomwa panabaki chuma kitupu, ndipo kutu inapoanzia. Isitoshe, bati la milimita 0.4 hutoboka kabla weldi haijashika.

Kama ana hamu ya kuchomelea, achomelee fremu ya chuma cheusi peke yake, aipake rangi ya kuzuia kutu, kisha bati lifungwe kwa bolti.

Shikamooni. Naomba hatua za kuliunganisha, na idadi ya vifaa ili nisirudi dukani mara mbili mbili. (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba. Nunua bati moja la mita 3. Engo moja ya mita 6 (kile chuma cha umbo la L) ya milimita 25 kwa 25, unene milimita 3. Bolti 35 za M6 zenye urefu wa milimita 16 hadi 20, nati zake, na washa pana 70. Bolti zitakazotumika ni 30, hizo tano ni za kufidia zitakazodondoka kwenye majani. Ongeza mita 6 za mpira wa kumwagilia, hata mkuukuu, kopo dogo la rangi ya lami na kopo dogo la rangi ya zinki. Spana ni namba 10. Glovu za ngozi si za hiari: ukingo wa bati lililokatwa hukata mkono bila wewe kusikia.

Kata bati kwa mkasi wa bati. Grainda ni ya haraka, lakini inaunguza zinki ukingoni, na cheche zake zinanata kwenye uso wa bati na kuacha vidoa vya kutu baada ya mvua ya kwanza. Ukilazimika kuitumia, pangusa cheche zote siku hiyohiyo na upake kingo rangi ya zinki. Engo ikate nguzo sita za sentimita 70. Kwenye kipande kinachobaki kata sentimita 106 za kamba ya katikati, yaani chuma kinachokatiza tuta na kuzishika kuta ndefu zisitokeze. Kwenye kila ncha ya kamba hiyo ondoa ubavu mmoja kwa sentimita 3, kisha kunja ubavu uliobaki upate ulimi wa kufungia bolti.

Nguzo zikae nje ya bati. Wengi huziweka ndani ili zisionekane, na hapo udongo unalisukuma bati litoke kwenye nguzo, bolti zikibeba mzigo wote. Nguzo ikiwa nje, udongo unalikandamiza bati juu ya nguzo. Nguzo nne za pembeni zinakumbatia kona kwa nje, na mbili zinakaa katikati ya kuta ndefu.

Unganisha kichwa chini miguu juu, kwenye sakafu iliyo sawa. Ukingo ambao hukuukata, ule wa kiwandani, ndio uguse sakafu, kwa kuwa huo ndio utakaokuwa juu. Kwa njia hii kingo zote zinalingana zenyewe. Toboa matundu ya milimita 6.5 kwenye migongo inayogusa engo, matatu kila ubavu: mgongo wa juu, wa kati na wa chini. Kichwa cha bolti kiwe ndani, nati nje, washa pande zote mbili. Nati ikiwa nje utaweza kuikaza hata tuta likiwa limejaa.

Kaza kwa vidole tu kwanza. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Kwa tuta la mita 2 kwa 1 kipimo ni karibu sentimita 223 na nusu, lakini muhimu ni vipimo viwili kulingana. Kimoja kikizidi, sukuma ndani kona za mshazari mrefu hadi vilingane, ndipo utumie spana. Ukikaza kabla ya kupima, kila bolti utailegeza upya. Kamba ya katikati ifunge kwa bolti za kati za nguzo mbili za ukuta mrefu.

Mwisho, paka lami sentimita 10 za chini, ndani na nje, pamoja na ncha za nguzo. Chimba mashimo sita ya sentimita 30 na mfereji wa sentimita 5 kuzunguka. Watu wawili wanaweza kuligeuza na kuliteremsha, kwani halifiki kilo 20. Pasua mpira kwa kisu upande mmoja, uvishe ukingo wa juu wote. Mtoto akiegemea kupalilia, atagusa mpira.

Nilinunua seti ya urefu wa mita 2.4. Miezi miwili baada ya kuijaza, kuta ndefu zimetoa tumbo. Nifanyeje bila kumwaga udongo wote? (Msomaji wa Nairobi)

Angalia kama kwenye kifurushi kulikuwa na vyuma au waya za kukatiza katikati. Mara nyingi huwa ni mbili, na watu huziacha kwa kuwa zinasumbua jembe. Udongo mkavu unasimama wenyewe; mvua ikinyesha unakuwa mzito na kusukuma. Ukuta mrefu usio na chuma cha kukatiza lazima utokeze.

Chimba mtaro mwembamba wa kukatiza tuta, ukuta hadi ukuta, kina cha mkono tu. Ondoa udongo sentimita 20 kutoka kwenye kuta zilizovimba ili zipate nafasi ya kurudi. Zivute kwa kamba na kijiti cha kusokotea hadi zinyooke, kisha funga chuma cha kukatiza nusu ya kimo, chenye washa pana kila upande. Waya mtupu bila washa pana utapasua bati. Kwa mita 2.4 weka viwili.

Huku kwetu hewa ya bahari inakula mabati ya paa kwa miaka michache. Tuta litadumu? (Msomaji wa Tanga)

Karibu na bahari chukua bati la aluzinki au la rangi kuliko la zinki tupu. Aluzinki ni bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki; mpako huo una alumini asilimia 55, na inastahimili hewa ya chumvi vizuri. Udhaifu wake ni magadi: majivu, chokaa, saruji mbichi na samadi mbichi ya kuku vinaishambulia alumini. Kwa hiyo usiruhusu vitu hivyo viguse bati.

Kinga ya kweli ni ndani. Tandika kwenye kuta, upande wa udongo, nailoni nzito ile ambayo mafundi hutandika chini ya zege, geji 1000. Iishie kwenye kuta. Ukiitandika na chini, umetengeneza bwawa. Mchanga wa kuchanganyia utoke mtoni, wa ufukweni una chumvi. Na kama utatumia mbao au miti iliyotiwa dawa ya rangi ya kijani badala ya engo, jua dawa hiyo ina shaba, na shaba ikilowa dhidi ya bati inalila haraka. Weka ukanda wa nailoni kati yao.

Je, zinki haiingii kwenye mboga ikatudhuru? Na mabati ya paa la zamani? (Msomaji wa Bukoba)

Zinki kidogo inaingia kwenye udongo, hasa udongo wenye tindikali, pH chini ya 5.5. Zinki ni kirutubisho ambacho mimea na binadamu wanakihitaji. Ikizidi, mmea ndio unaoumia kwanza: majani machanga yanageuka manjano na ukuaji unadumaa. Ile nailoni ya kwenye kuta inalimaliza jambo hili.

Mabati ya zamani yasiyo na rangi yanatumika kama hayajatobolewa na kutu. Yenye rangi ya zamani inayobanduka yaache, rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Na vigae vya paa vya kijivu vya asibesto, vinavyofanana na bati la mawimbi lakini ni vizito na havina mlio wa chuma, usivikate, usivitoboe, usivivunje. Vumbi lake linaleta saratani.

Udongo kiasi gani? Nilisikia chini panawekwa mawe. (Msomaji wa Kisumu)

Mawe hayasaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe, yanatuama juu yake, na mizizi inapoteza kina. Tuta lisilo na sakafu linajichuja lenyewe. Tifua ardhi iliyo chini kwa uma, na kama kuna fuko au panya, tandaza wavu wa waya wa matundu madogo.

Udongo wa kina cha sentimita 35 ni lita 700, sawa na madebe 35. Theluthi ya chini, madebe 11, jaza vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa na majani mabichi. Magogo makavu yataita mchwa. Juu yake changanya madebe 12 ya udongo wa juu, 8 ya samadi iliyooza au mboji, na 4 ya mchanga wa mto. Udongo wako ukiwa wa kichanga, badala ya mchanga ongeza mboji. Samadi isiwe na joto wala harufu kali ya kutoa machozi. Ndani ya miezi michache tuta litashuka, kwa hiyo weka madebe matano akiba.

Naweza kuliweka kwenye baraza la ghorofa ya tatu? (Msomaji wa Mombasa)

Usiliweke bila mhandisi. Lita 700 za udongo uliolowa zinakaribia kilo 900, yaani kilo 450 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200. Tumia ndoo na vyungu vilivyotawanywa.

Jua la hapa ni kali. Bati halitaunguza mizizi? (Msomaji wa Dodoma)

Linaunguza upande mmoja zaidi: wa magharibi, kuanzia saa nane mchana. Kwetu karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini na haligongi kuta sana. Linazigonga asubuhi na jioni. Basi tuta lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake, ili kuta fupi za mita 1 ndizo zipokee jua hilo. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Panda angalau sentimita 10 kutoka ukutani, na kwenye ncha ya magharibi panda matembele yateremke nje na kulifunika bati. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu. Kiangazi, tuta hili linataka lita 10 hadi 15 kwa siku, asubuhi mapema, na usikisie kwa kutazama juu: chomeka kidole hadi kifundo cha pili, kwenye ukingo wa bati, kwa sababu hapo ndipo panapokauka kwanza.

Pipa la lita 200 lililokatwa nusu si rahisi zaidi? (Msomaji wa Bujumbura)

Ni rahisi, na kila nusu ina kimo cha karibu sentimita 44, ila eneo ni dogo: nusu nne ndizo zinafika mita 1 ya mraba. Toboa matundu kumi chini yake. Lililokuwa na mafuta ya kula linafaa baada ya kuoshwa kwa sabuni. Lililokuwa na dawa za kilimo au kemikali za kiwandani halifai kwa chakula hata likioshwa. Lililokuwa na petroli au dizeli usiliguse kwa grainda wala moto: mvuke unaobaki ndani unalipuka kwa cheche moja, hata kama pipa linaonekana kavu.