Ukitaka kuiacha simu, usianze na laini

Tangu watu wasikie kwamba niliwahi kukaa miezi mitano bila simu, swali linanijia mara kwa mara: je, na mimi niache? Huwa sijibu ndiyo wala hapana. Namuuliza mtu kwanza, unataka kuacha nini hasa? Maana tukisema "simu" tunakusanya mambo matatu kwenye neno moja. Kuna namba, ambayo watu wamekuhifadhi nayo. Kuna kioo, ambacho kinakula saa zako. Na kuna ile ahadi ambayo hujawahi kuitamka lakini kila mtu anakudai, kwamba ukitafutwa utapatikana, saa yoyote, papo hapo. Mimi nilichoshwa na hayo mawili ya mwisho, kisha nikaenda kuifuta ile ya kwanza. Kosa hilo lilimuumiza mtu ninayempenda, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nianze na daftari, kwa kuwa ndilo lililonifungua macho.

Kabla sijafanya lolote nilichukua daftari dogo la kutia mfukoni, nikajiwekea sharti: kila mkono ukigusa simu, nachora mstari mmoja, na pembeni naandika neno moja la kueleza nilichofuata. "Mama" kama nampigia mama. "Saa" kama nataka kujua saa. "Njia" kama natafuta ramani. Nisipokuwa na sababu, naacha pembeni patupu. Nilitegemea kufika mistari ishirini kwa siku. Jioni ya siku ya kwanza nilihesabu 71, na yenye neno pembeni ilikuwa 16. Ile 55 iliyobaki ilikuwa mitupu kabisa, na wiki nzima hali haikubadilika sana.

Nilipoipitia nikaona mistari ile mitupu ina makazi yake. Ilijazana kwenye foleni, kwenye lifti, wakati wa kungoja maji yachemke, na zaidi ya yote katika zile dakika chache kabla ya kuanza kazi ngumu. Popote palipotokea ukimya au uzito, mkono uliondoka wenyewe kabla sijaamua. Kuna mstari mmoja bado naukumbuka. Pembeni nimeandika "alamu", na mbele yake saa nne na dakika arobaini usiku. Nilichukua simu ili nitegeshe alamu. Nikaja kuiweka chini saa sita, nikalala, na asubuhi nikachelewa kuamka kwa sababu alamu yenyewe sikuwa nimeitegesha.

Ukikutwa na hali kama hii utajilaumu kuwa huna msimamo. Jilaumu kidogo, lakini ujue pia unachopambana nacho. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na pale pa kubonyeza akili ilipata nafasi ya kujiuliza kama imetosheka. Mwaka 2006 mbunifu wa programu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyouteremsha, na baadaye akajitokeza hadharani kusema anajutia. Ongeza na jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha miaka mingi nyuma kwa panya na njiwa: mnyama anayepata chakula bila mpangilio, mara kipo mara hakipo, huendelea kubonyeza muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupata kila mara, hata chakula kikikatwa kabisa. Ukiteremsha kioo usiku ukikutana na mambo tisa ya hovyo na moja tamu, ni lile moja linalokuweka macho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni daftari. Siku saba tu. Simu nyingi sasa zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha saa ulizotumia, na ni vizuri kuitazama, ila hesabu ya mashine haijui kwa nini uliishika. Ukiandika kwa mkono wako utajua. Mtu ambaye mistari yake mingi ina maneno pembeni, kazi, wazazi, masomo, hana sababu ya kuachana na simu, na namwambia hivyo waziwazi aendelee na maisha yake.

Mimi daftari lilinitisha. Nikachukua uamuzi kwa hasira, na hapo ndipo nilipoharibu.

Niliona hatua ndogo ndogo ni kujidanganya. Nikatangaza mara moja kwenye mtandao kwamba naacha simu, nikadhani kila anayenihusu ameona, nikaenda kuifunga laini. Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu, kisha pakawa na utulivu ambao sitaki kuudharau. Nilisoma vitabu vilivyokuwa vimenikalia rafuni kwa miaka. Nilianza kulala mapema. Mazungumzo yalirefuka, kwa kuwa hakukuwa na kitu mezani kinachomulika katikati ya sentensi. Yote haya ni kweli, na nilifurahi.

Mwezi wa nne nilimtembelea rafiki yangu wa tangu utotoni. Nilibisha hodi bila taarifa, kama nilivyozoea siku hizo. Alifungua, akanitazama, hakunikumbatia. Nikaingia, nikakaa, na baada ya muda mrefu wa kunyamaza akaniletea simu yake na kuniwekea mkononi. Ulikuwa ujumbe wake kwenda kwenye namba yangu ya zamani, uliotumwa usiku wa manane: "Baba ametutoka." Chini yake lilikuwa jibu, dakika tatu baadaye: "Nani wewe?" Hakukuwa na kitu kingine chini. Namba ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, ambaye naye alijibu kama yeyote angejibu akiamshwa usiku na namba asiyoijua. Rafiki yangu alikuwa amekaa wiki tatu akiamini mimi nimemfuta, na kwamba nimemuuliza swali hilo usiku ule aliofiwa.

Sikuwa najua kwamba namba isiyotumika hugawiwa upya. Kampuni za simu zina namba chache kuliko zinavyotaka, hivyo laini ikifungwa namba hurudi kwenye mzunguko. Huko Marekani kanuni inataka kampuni ingoje angalau siku 45 tu kabla ya kumpa mtu mwingine, na kwingine muda unatofautiana. Anayeipata anapata pia jumbe zako, na jambo la hatari zaidi, zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na barua pepe unapoingia kwenye akaunti. Nilipokuja kuhesabu, namba yangu ya zamani ilikuwa bado imeunganishwa na akaunti tisa. Mbili nimezipoteza moja kwa moja.

Basi, kama umefikia uamuzi, chukua karatasi uandike kila mahali namba yako ilipoandikishwa: benki, barua pepe, kazini, shule ya watoto, hospitali, bima. Hii ni kazi ya jioni mbili au tatu, usiikimbilie. Palipo na nafasi, hama kwenye ujumbe mfupi utumie programu ya uthibitisho, ile inayotengeneza tarakimu sita na kuzibadilisha kila sekunde 30. Inafanya kazi bila laini na bila mtandao, hata kwenye simu ya zamani iliyolala kabatini au kwenye kompyuta. Chapisha pia zile namba za akiba za kuingilia ambazo akaunti nyingi hukupa, uziweke pamoja na vyeti vyako. Ukitegemea WhatsApp ya kwenye kompyuta, kumbuka kwamba simu kuu isipofunguliwa kwa siku 14 vifaa vilivyounganishwa nayo hutolewa. Wengi hudhani wameachana na simu hadi siku ya kumi na tano.

Na laini yenyewe usiifunge. Ihamishie kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Hilo ndilo ningependa mtu angenishika bega na kuniambia. Kioo kinaweza kuondoka na namba ikabaki, na ukifanya hivyo umeshapata sehemu kubwa ya ule utulivu bila kumfungia mtu mlango. Ila angalia kitochi unachonunua. Mitandao ya kizazi cha pili na cha tatu inazimwa nchi baada ya nchi. Kampuni kubwa za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, Australia ikafuata mwaka 2024, na vitochi vingi vya zamani vikageuka kuwa saa za mezani. Uliza kama simu inapiga kupitia 4G, na kama mtandao wako unaikubali. Usitosheke na kuambiwa "ina 4G", kwani nyingine huitumia kwa intaneti tu, na ukipiga inarudi kwenye mtandao ambao pengine haupo tena.

Sasa ile ahadi ya kupatikana muda wote. Naona hii ndiyo mzigo mzito kuliko kioo, na ndiyo inayozungumzwa kidogo. Martin Cooper alipopiga simu ya kwanza ya mkononi huko New York tarehe 3 Aprili 1973, kifaa chake kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na chaji yake ilitosha mazungumzo ya nusu saa hivi kabla ya kurudishwa kwenye umeme kwa saa nyingi. Kifaa chenyewe kilikuwekea mpaka. Leo mpaka huo hauwekwi na betri, inabidi uuseme kwa mdomo, tena kwa mtu mmoja mmoja. Mimi nilikaa na mkuu wangu wa kazi nikamwambia baada ya saa moja jioni sitajibu ujumbe, jambo la haraka apige. Niliingia nikitetemeka. Alikubali kwa dakika mbili. Mama ilichukua muda zaidi, kwa sababu kwake kutojibu ni dalili ya ajali. Tukapanga saa ya kuongea kila jioni, na tangu hapo tunaongea vizuri kuliko zamani nilipokuwa namjibu kwa vikaragosi katikati ya kikao.

Wako watu ambao siwezi kuwashauri waache, hata wakiniomba. Anayemuuguza mtu nyumbani. Anayeitwa kazini kwa dharura. Anayeishi na mtu anayemtishia, ambaye simu ndiyo njia yake ya kuomba msaada. Na asiyeona: tangu mwaka 2009 simu za iPhone zina sauti inayosoma kila kilicho kwenye kioo, na nyingine zina yake, kwa hiyo kinachonipotezea mimi usiku kwa mwenzangu ni macho ya kusomea barua na dawa. Naona vibaya wanaohubiri kuacha simu kama vile sote tunaishi maisha ya aina moja. Waulize wanaokutegemea kabla ya kuamua. Nami sikuwauliza.

Kama huna hakika, jaribu jambo dogo kuliko yote: simu ilale chumba kingine. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliwapa watu mitihani ya umakini, simu za wengine zikiwa mezani, za wengine mfukoni au kwenye begi, za wengine chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Majaribio ya baadaye hayakuleta jibu moja kila mara, kwa hiyo lichukue kama jambo la kujipima mwenyewe. Mimi kwangu lilionekana siku ya pili. Nunua saa ya mezani yenye kengele ili usiwe na kisingizio cha alamu.

Kwa sasa nina kitochi chenye namba mpya. Simu ya kioo ninayo, haina laini, inakaa kwenye droo pamoja na chaja yake, nami huitoa Jumamosi asubuhi kwa ajili ya benki, picha za familia na nyaraka. Saa moja, kisha inarudi. Daftari bado natembea nalo, na wiki iliyopita siku yenye mistari mingi ilikuwa na 12. Pia nimezihifadhi namba kichwani, moja moja, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Ninazo kumi na mbili.

Nilipowasha kitochi kwa mara ya kwanza, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa rafiki yangu yule. Simu ikaita mara nne. Alipopokea nilitaja jina langu na la baba yangu, kabla hajapata nafasi ya kuuliza.