Maswali ya Wasomaji: Geji za Elektroniki kwenye Dashibodi ya Gari la Zamani

SWALI: Nina gari la Kiingereza la mwaka 1963 ambalo nimelifufua taratibu, na sasa imebaki dashibodi tu. Geji ya mafuta na geji ya joto la maji zote mbili zinasoma juu kuliko hali halisi, na mshale wa spidomita unachezacheza gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Ncha chanya ya betri bado imefungwa kwenye bodi, kama lilivyotoka kiwandani. Natamani kuweka vipimo vya elektroniki, lakini sipendi gari lipoteze sura yake. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuhakikisha kwamba geji unazotaka kuzing'oa ni mbovu kweli, kwa sababu dalili ulizozieleza zinanitia shaka. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo yalifungwa geji ambazo ndani yake mna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, ukanda unapinda na kusukuma mshale. Geji za namna hiyo hazilishwi volti 12 moja kwa moja, bali hupitia kifaa kidogo kiitwacho stabilaiza, ambacho hukata na kurudisha umeme mfululizo ili wastani wake uwe volti 10. Stabilaiza ikikosa ethi, yaani muungano wake na bodi ukiwa na kutu, huacha kukata umeme na kuziachia geji volti zote za betri. Kwa hiyo geji mbili zinapodanganya kwa pamoja, na zote zikadanganya kwa kuzidisha, mshukiwa wa kwanza ni stabilaiza, wala si geji. Ifungue, sugua mahali inapokaa mpaka metali ing'ae, kisha utazame tena. Kebo ya spidomita nayo ichomoe, uisafishe, uipake grisi kidogo na kuhakikisha haijapindwa kwa ghafla nyuma ya dashibodi. Mara nyingi mshale unaochezacheza hutulia hapohapo.

Ikiwa baada ya hayo bado unataka elektroniki, njia ziko tatu. Unaweza kuondoa kila kitu na kuweka kioo cha tarakimu, unaweza kununua geji mpya zilizotengenezwa kwa mtindo wa kizamani, au unaweza kumpelekea fundi wa vipimo geji zako zenyewe ili atoe mashine ya ndani na kuweka mota ndogo ya hatua, yaani inayozunguka hatua kwa hatua, inayoendeshwa na saketi, huku uso, mshale na pete ya nje vikibaki vilevile. Mimi napendelea njia hii ya tatu hata kama ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, maana kioo cha tarakimu katikati ya dashibodi ya mbao ni kitu ambacho macho hayakizoei kamwe.

Jambo la pili ni betri. Vipimo vingi vya elektroniki hutengenezwa kwa magari ambayo ncha hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na ukivilisha umeme kinyume, saketi zake huungua mara moja. Una hiari ya kumwagiza fundi akutengenezee zinazokubali chanya kwenye bodi, au ugeuze gari lenyewe. Kugeuza si kazi kubwa: unabadilisha vichwa vya waya za betri, kwa sababu ncha mbili za betri hazilingani unene, unabadilishana waya mbili ndogo za koili ya plagi, ukiwa na geji ya ampea, unabadilishana waya zake pia, kisha unaigeuza dainamo, yaani mashine ya kuchaji betri, kwa kugusisha waya wenye umeme wa betri kwenye ncha yake ya fildi (koili ya sumaku yake) kwa nukta moja au mbili, mkanda ukiwa bado umefungwa na injini imezimwa. Redio ya zamani na mita ya umeme inayopima mizunguko ya injini zisiachwe kwenye waya siku hiyo.

Sasa nije kwenye sensa, yaani vifaa vinavyopima na kuipelekea geji ishara, ambako ndiko kazi nyingi za namna hii huharibikia. Geji ya mafuta, iwe ya zamani au ya elektroniki, husoma ukinzani wa sensa iliyo ndani ya tangi, na viwanda havikukubaliana juu ya vipimo. Geji nyingi za ziada za Kimarekani hutegemea omu (kipimo cha ukinzani) 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Magari ya General Motors kwa miaka mingi yalitumia 0 likiwa tupu na 90 likijaa. Sensa za kampuni ya VDO ya Ulaya huanzia 10 na kupanda hadi 180. Tazama kinachotokea ukifunga geji ya aina ya kwanza kwenye sensa ya aina ya pili: kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo mshale unavyopanda, na gari litakuzimikia njiani huku geji ikionyesha kwamba tangi limejaa pomoni. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza chochote, toa sensa ya tangi, iunganishe na mita ya kupimia omu, pandisha na kushusha boya lake kwa mkono, na uandike omu za chini na za juu. Geji nzuri za elektroniki hukuruhusu kuchagua aina ya sensa, na nyingine hukubali kufundishwa kwa kumimina mafuta kidogo kidogo mpaka tangi lijae.

Sensa za joto na za oili zina mtego wa aina nyingine. Tundu la injini ya Kiingereza huenda likawa na uzi wa BSP (kiwango cha Kiingereza cha nyuzi za bomba) wa inchi 1/8, wenye hesi 28 kwa inchi, ilhali sensa nyingi mpya huja na uzi wa NPT (kiwango cha Kimarekani) wa kipimo hichohicho, wenye hesi 27. Sensa itaingia kwa mizunguko miwili mitatu kana kwamba inafaa, kisha ikaze na kuanza kula uzi wa injini. Tafuta adapta, usilazimishe. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe kwenye sensa yenye waya mmoja, kwa sababu ethi yake ni uzi huohuo unaoufunika. Stabilaiza nayo itolewe kwenye njia ya geji mpya, ambazo zinahitaji volti zote 12 kupitia fyuzi yake yenyewe.

SWALI: Kwa spidomita ya elektroniki, je, nichague inayotumia GPS au ya sensa kwenye giaboksi? Na kilomita zilizokwisha kuhesabiwa zitakwenda wapi?

JIBU: Ya GPS ni rahisi kufunga, wala haijali ukubwa wa tairi au uwiano wa difu, lakini huchelewa kupata satelaiti unapowasha gari, hupotea ndani ya mahandaki, na antena yake haipendi kukaa chini ya bati. Sensa hufungwa pale ilipokuwa kebo na kutoa mapigo, kwa nyingi 8,000 kwa maili, yaani karibu 5,000 kwa kilomita, nawe unairekebisha kwa kuendesha umbali unaojulikana. Kama giaboksi yako inaikubali, chukua sensa. Kuhusu kilomita, piga picha ya namba ya zamani kabla ya kufungua kitu, omba kihesabu kipya cha kilomita kiwekwe kikianzia kwenye namba hiyo inapowezekana, na uihifadhi mashine ya zamani pamoja na risiti ya kazi. Katika nchi nyingi kuuza gari lenye hesabu iliyobadilishwa bila kumweleza mnunuzi ni kosa la jinai.

SWALI: Mita yangu mpya ya mizunguko inasoma nusu ya inavyopaswa, na wakati mwingine inarukaruka.

JIBU: Hizo ni kasoro mbili tofauti. Injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Mita iliyowekwa kwa silinda nane inasubiri nne, ndiyo maana unapata nusu. Tafuta swichi ndogo nyuma yake. Kuruka kwa mshale mara nyingi husababishwa na waya za plagi zenye kiini cha shaba, ambazo hutangaza kelele kwa kila saketi iliyo karibu. Badilisha uweke zenye kiini cha kaboni, na upitishe waya wa mita mbali nazo. Ikiwa umefunga cheche za aina ya CDI, yaani mfumo wa elektroniki unaohifadhi umeme kwenye kapasita kabla ya kuupeleka kwenye koili, waya huo usiuunge kwenye koili kabisa, kwa sababu pale panapita volti mia kadhaa; uunge kwenye tundu la mita lililo kwenye kisanduku chenyewe.

SWALI: Nilitoa geji ya ampea nikaweka voltimita, na balbu zote nikabadilisha kuwa LED. Sasa alteneta haichaji mpaka niikanyage injini sana.

JIBU: Voltimita haina hatia, na kuitoa geji ya ampea ulifanya vema, maana umeme karibu wote wa gari hupitia humo, hakikisha tu kwamba waya zake mbili nene zimeungwa pamoja kwa bolti moja iliyofunikwa vizuri. Tatizo lako ni taa ya onyo la chaji. Balbu ya zamani ya wati 2.2 ndiyo iliyokuwa ikipeleka umeme wa kuiamsha alteneta, na LED hupitisha kidogo mno. Rudisha balbu ya kawaida mahali hapo pekee, au funga rezista ya omu 68 ya wati 5 sambamba na LED, ukiiweka mbali na plastiki kwa sababu hupata moto. Kisha washa injini, uiache kwenye mwendo wa kawaida, na utazame voltimita: ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, umemaliza, ikigoma pale kwenye 12.6, mpelekee fundi alteneta aikague brashi na daiodi zake.