Msaidizi kazini Marekani: nani anamlipa?

Nimepata kazi katika idara ya serikali kuu. Natumia kiti cha magurudumu na siwezi kwenda msalani peke yangu. Nimlipe msaidizi mwenyewe?

Hapana. Tangu Januari 3, 2018, idara za serikali kuu hutakiwa kumgharamia msaidizi kwa mfanyakazi mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mkono katika kula, kuvaa au kwenda msalani, saa za kazi na kwenye safari za kikazi. Zinaweza kukataa pale mzigo unapokuwa mzito kupita kiasi.

Huna haja ya kutaja kifungu cha sheria, ila andika ombi lenye maelezo kamili: unakwenda msalani mara ngapi, huchukua dakika ngapi, unahamishwa na mtu mmoja au wawili, kwa mikono au kwa mashine. Ombi la maneno mawili huleta msaidizi asiyejua kunyanyua mtu. Taka pia mbadala apangwe mapema, maana mipango mingi huvunjika siku msaidizi anapougua. Wafanyakazi wenzako wasiofunzwa wasikubebe. Wataumia mgongo nawe utachubuka ngozi.

Na tafadhali, usijinyime maji wala kubana mkojo ili kukwepa msalani. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, kibofu kikijaa shinikizo la damu laweza kupanda ghafla hadi kuhatarisha maisha. Jambo hilo halisubiri kikao kiishe.

Mimi niko kampuni binafsi. Je, haki ni hiyo hiyo?

Sivyo. Sheria ya Wamarekani wenye ulemavu (ADA) ya mwaka 1990 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, lakini kwa mambo ya kazi yenyewe: mkalimani wa lugha ya alama, kwa mfano, au msomaji kwa asiyeona. Kulishwa na kupelekwa msalani havimo. Omba basi uruhusiwe kuja na msaidizi wako, upewe na muda wa mapumziko. Ukiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, uliza kama katika jimbo lako saa za msaidizi wa nyumbani zinaweza kutumika kazini.

Msaidizi anaweza kunichapia ripoti au kunidunga insulini?

Sindano ni tiba, haimo. Kuchapa ni msaada wa kazi, uombe kando.

Namlipa mdogo wangu aniandae asubuhi kabla ya kazi. Hifadhi ya Jamii, wanaolipa mafao ya ulemavu, wanaihesabu gharama hiyo?

Gharama hiyo yaweza kupunguzwa kwenye kipato wanachokipima, mradi unailipa mwenyewe na hurudishiwi. Kwa ndugu kuna sharti gumu: awe ameacha kazi au amepunguza saa zake na kupoteza kipato ili akusaidie. Mlipe fedha taslimu, si chakula wala malazi, na kila malipo yawe na risiti yenye tarehe.

Nimekataliwa. Nina muda gani?

Serikali kuu: muone mshauri wa fursa sawa wa idara yako ndani ya siku 45. Kampuni binafsi: peleka lalamiko kwa EEOC, tume ya serikali kuu ya fursa sawa za ajira, ndani ya siku 180, au 300 penye chombo cha jimbo kinachosimamia sheria ya namna hiyo. Rufaa ya ndani ya ofisi haisimamishi siku hizo.